Mashine Iliyoomba Karte

Nyinyi vijana mnaofungua kompyuta huku mnatafuna muhogo, skurubu mmezimwaga mezani kama mtu anayechambua maharage, sogeeni karibu kidogo. Sitawachapa. Mikono yangu imechoka na macho yangu hayatofautishi tena skurubu fupi na ndefu, ndiyo maana nimewaachia meza hii. Lakini mdomo bado unafanya kazi, muulizeni mume wangu.

Nilianza hapa mjini Baraka wakati kazi ilikuwa redio tu, na mwanamke mwenye bisibisi alionekana kama mtu aliyepotea njia ya soko. Aliyenifundisha alikuwa Mzee Bilombele, fundi wa redio kutoka Mboko, mwenye vidole vinene ambavyo usingemwamini navyo hata kumenya ndizi. Somo lake la kwanza halikuwa umeme. Lilikuwa sabuni. Alikata kipande cha sabuni ya mawese, akakilaza mezani, na kila skurubu aliyoitoa kwenye redio aliichomeka kwenye sabuni mahali pale pale ilipotoka: ya kona kwenye kona, ya katikati katikati.

"Skurubu iko na kwake," aliniambia. "Ukirudisha ya mbele nyuma, redio itakuchekea mbele ya mwenyewe."

Najua mnacheka. Juzi nimemwona mmoja wenu amefunga kompyuta ya mwalimu, na skurubu tatu zimebaki mkononi, akazitia mfukoni kimya kimya kama mtu aliyeokota njugu. Mwalimu aliporudi, mashine ilikuwa inalia kama kayamba. Sabuni bado inauzwa sokoni, wajukuu wangu.

Lakini leo nataka kuwasimulia habari ya karte. Mtasema karte mnazijua, ile ya wifi, kibati kidogo cha kijani kinachoifanya kompyuta ishike mtandao bila waya. Mnaizungumzia kirahisi kwa sababu nyinyi mmezaliwa neno hilo limeshapoa. Miaka ile ya vita, ukisema karte huku kwetu Fizi, mashariki ya Kongo, mtu hashiki kichwa kufikiri. Anashika mfuko. Karte ilikuwa karte ya uchaguzi, ile yenye picha yako umenuna, na bila hiyo hukuwa mtu. Umetoka Lweba na kapu la ndagala, hawa dagaa wetu, unafika barieri ya kwanza, kamba imekatiza njia, wanaomba karte. Umeipita, mbele kidogo kuna kamba nyingine, vijana wengine, bunduki nyingine, wanaomba karte ile ile. Watu walilala nazo.

Nilikuwa na jirani, Maman Nyassa, muuzaji wa mawese. Vita vilipofika hapa mara ya kwanza, watu walikimbilia ziwani, na boti ikajaa. Shangazi mtu akapanda na binti ya Maman Nyassa, Riziki, mtoto mdogo bado wa kubebwa mgongoni. Mama akabaki ufukoni na kitenge cha kumbebea mkononi. Yeye akapanda milima, mtoto akavuka kwenda Tanzania, na miaka ikapita bila mmoja kujua kama mwingine anapumua. Simu za mkononi zilipofika, watu wa kambi za wakimbizi kule Tanzania wakaanza kutafutana na watu wa huku, na siku moja Maman Nyassa akapigiwa. Riziki alikuwa hai, mkubwa, na yeye na shangazi yake walikuwa wamepata nafasi ya kupelekwa nchi ya mbali, ng'ambo ya bahari, kule kwenye theluji.

Mimi nilidhani atakuja kwangu anacheza. Alikuja amekunja uso.

"Ile sauti haiko ya mutoto wangu," akasema.

"Umejuaje?"

"Anasema, 'Shikamoo mama, nimefurahi mno kukusikia.' Mutoto gani wa sisi Babembe anasemaka vile? Ile ni sauti ya redio!"

"Maman, amekulia Tanzania. Ulitaka aseme namna gani?"

"Mi nataka kuona sura. Nikiona sura nitajua. Basinipatie mutoto ya batu, halafu wangu iko mahali analia."

Nilimtania kidogo, lakini sikumtania sana. Alikuwa amekaa miaka yote na kitenge kile kile cha ufukoni, na sasa walikuwa wanampa sauti tu, sauti ngeni, na baada ya siku chache hata sauti yenyewe ingepanda ndege. Mimi ningeuliza hivyo hivyo.

Kambini kulikuwa na chumba cha kompyuta zenye kamera, na Riziki alikuwa amepewa saa ya kukaa hapo Jumamosi ya mwisho kabla ya safari. Huku Baraka, mtandao ulikuwa mahali pamoja tu, kwenye ofisi ya watu wa misaada wenye sahani kubwa juu ya paa. Mkuu wao alikuwa mtu mzuri. Alisema kompyuta za ofisi haziguswi, ni sheria ya kwao, lakini mkija na mashine yenu mnaweza kukaa barazani na kushika wifi Jumamosi, wafanyakazi wakishaondoka.

Shemeji yake Maman Nyassa alikuwa na kompyuta ya kukunja, zawadi ya bwana shamba mmoja aliyerudi kwao. Zawadi gani! Tundu la waya wa mtandao lilikuwa limevunjika, spika zimekufa, kamera haikuwahi kuwa nayo, maana ilitengenezwa kabla watu hawajaanza kutaka kuonana kwa mashine. Nilipofungua tumbo lake nikakuta nyumba ya karte ya wifi iko tupu, waya mbili, mweusi na mweupe, zinaning'inia kama kamba za viatu. Mtu alikuwa ameshaiba karte. Na vile vijiti vya wifi mnavyochomeka ubavuni nyinyi, sisi hatukuwa navyo bado.

Nikamwambia Maman Nyassa ukweli wote palepale. "Nikipata karte, utamuona. Lakini yeye hatakuona. Hii mashini haina jicho."

"Ni vizuri," akajibu. "Asinione vile niko."

Katika takataka zangu kulikuwa na mashine nyingine iliyokufa, ya kampuni nyingine. Nikang'oa karte yake. Iliingia kwenye nafasi yake bila kusukumwa. Waya zikakubali: mweusi kwenye tundu la kwanza, mweupe kwenye la pili, unabonyeza kutoka juu kwa ukucha mpaka usikie tik, si kwa ubavu, ukibonyeza kwa ubavu unavunja shingo ya waya. Nikajisifu mbele ya watu. Nikawasha.

Kioo kikabaki cheusi, na maandishi meupe ya Kiingereza juu yake. Mashine ikakataa kwenda mbele. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini hapo kilinitosha: karte isiyoruhusiwa imewekwa, zima mashine, uitoe.

"Inasema nini?" Maman Nyassa akauliza.

"Inasema karte haitambuliki."

Alifungua fundo la kitenge chake, akatoa karte yake ya uchaguzi kwenye plastiki, akaifuta na kidole, akaisimamisha mbele ya kioo, picha ikiitazama mashine.

"Iko hii," akasema. "Uiambie iangalie muzuri, ile picha ni ya zamani."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Alikasirika, akafunga karte yake, akaniambia tangu lini barieri inachekesha. Na alikuwa na haki, kwa sababu ile mashine ilikuwa barieri kweli. Kampuni zile za zamani zilikuwa na wivu. Mtengenezaji aliifundisha mashine yake, tangu kiwandani, itambue karte za nyumbani kwake tu. Ukiweka ngeni, hata kama ni nzima, hata kama inaingia vizuri, haiwaki. Kwa hiyo, vijana, kabla ya kununua karte ya mashine kuukuu, msiangalie boksi wala uzuri wa rangi. Angalieni kwanza umbo, kwa sababu kuna zile pana za ukubwa wa kiberiti na kuna zile nyembamba zilizokuja baadaye, na moja haiingii nyumbani kwa nyingine. Halafu someni ile namba ndogo kwenye kibandiko, yote, mpaka herufi ya mwisho. Karte mbili zinaweza kufanana kama mapacha, na mashine ikamkubali mmoja tu.

Basi nikahitaji karte kutoka mashine ya kampuni ile ile, na njia ya kutafuta ilikuwa midomo. Nikawaambia vijana wa pikipiki wanaokwenda Lweba na Mboko: "Semeni Maman Fundi anatafuta karte, hata ya mashini yenye imekufa."

Mnajua ujumbe unavyosafiri kwa pikipiki. Kila shimo la barabara linaangusha neno moja. Kufika Lweba, neno mashini lilikuwa limeshaanguka. Mboko walisikia kwamba kuna mama hapa Baraka anatafuta karte, hata za watu waliokufa.

Karte za wafu! Miaka ile! Aliyekuwa akitafuta karte za wafu ama alitaka kuiba kura, ama alitaka kuwavusha waasi kwenye barieri. Sikupata karte. Nilipata watu wa usalama, asubuhi, wawili, na wakaniambia nichukue mashine yangu niwafuate bureau, ofisini kwao. Niliogopa, siwafichi. Watu waliingia kwenye ile nyumba na tukawatafuta baadaye. Nilivua pete nikampa mume wangu.

Mkubwa wao, chef kama tunavyowaita, alikuwa mtu wa kitambi na sauti ya chini. Akaniuliza nimenunua karte ngapi.

"Sijapata hata moja, chef. Na yenye natafuta haina picha."

"Karte gani haina picha?"

"Ya mashini, chef. Iko inashika mtandao."

"Inapita barieri?"

Hapo ulimi wangu ukateleza. "Inapita hewani," nikasema.

Akaandika. Nikaona maisha yangu yanaishia kwenye ile kalamu. Basi nikaomba ruhusa, nikaweka mashine mezani kwake, nikaiwasha ikiwa na ile karte ngeni bado tumboni. Maandishi meupe yakatokea. Akamwita kijana wake aliyesoma, naye akamtafsiria: karte isiyoruhusiwa, zima, uitoe. Yule mkubwa alitazama kioo, kitambi kikaanza kutikisika kwa kicheko.

"Iyi mashini," akasema, "iko na akili ya serikali."

Akanitaka nieleze ya nani na ya nini. Nikamweleza habari za Maman Nyassa, mtoto, boti, Jumamosi. Aliacha kucheka. Akaniuliza jina la kampuni, akaenda mwenyewe kwenye phonie, ile redio yao ya kuongea na vituo vyote, pwani na mlimani, akatangaza kwa sauti ya kijeshi kwamba mama wa Baraka hanunui karte za uchaguzi, asisumbuliwe, anatafuta karte ya kompyuta ya aina fulani, na mwenye nayo ajulishe. Mpaka leo sijawahi kulipia tangazo zuri kama lile, maana lilikuwa la bure na wote walitii.

Aliyenipigia simu alikuwa Pasta Rukundo wa Bibokoboko, kule mlimani. Zamani, kabla mambo hayajaharibika, alikuwa anashuka kwenye soko letu na kuniletea redio yake, na tulikuwa tunatukanana vizuri, kwa utani. Miaka ile hakuwa anashuka tena. Watu wa mlimani na sisi wa ziwani tulikuwa tumeacha kutembeleana, kila upande ukiwa na makaburi yake mapya na majina ya kulaumu. Kusikia sauti yake kulinifurahisha kuliko nilivyomwonyesha.

"We mula-ndagala," akasema, "nasikia unakusanya mashini zimekufa. Yangu ndama aliikanyaga kioo."

"Munafuga ng'ombe mu bureau?"

"Alikuwa anatafuta kuokoka. Tumbo ya mashini iko muzima, ni ya ile kampuni yako."

Mashine nzima isingefika. Barieri za njiani zingeila. Ilibidi aitoe karte mwenyewe, na mimi nimwongoze kwa simu. Nikamwambia atoe betri kwanza, ashike kitu cha chuma kabla ya kugusa ndani, halafu atafute kipande cha sabuni achomeke skurubu.

"Sabuni iko ya unga tu," akasema. "Nina fromage."

Kwa hiyo Mtumishi wa Mungu alichomeka skurubu zake kwenye jibini, kona kwa kona, kama Mzee Bilombele alivyotaka. Akanisomea namba ya kibandiko polepole, kama anayesoma mstari wa Biblia, na ilikuwa ile ile iliyoandikwa kwenye nyumba ya karte ya mashine yetu. Nilipiga kelele mpaka wauza samaki wakageuka.

Karte ilishuka na kina mama wa kwetu waliokuwa wanakutana na wa mlimani kwenye gulio la katikati, mafuta kwa maharage, chumvi kwa jibini. Hao hawakuacha kuuziana hata siku mbaya zaidi, na mtu asiwadanganye kwamba waliacha. Pasta aliifunga kwenye jani kavu la mgomba, akaiweka chini ya kapu la jibini. Barieri ya kwanza vijana walikula jibini. Ya pili wakala lililobaki, wakakuta kile kibati, wakakigeuzageuza.

"Iyi ni nini?"

"Karte," mama mwenye kapu akasema.

"Aa, ile ya Maman Fundi!" Wakamrudishia. Nao walikuwa wanasikiliza phonie.

Ilifika Ijumaa ikinuka maziwa. Niliisafisha meno yake kwa pamba na spiriti, nikaikausha, nikaiweka, tik, tik, nikawasha. Mashine ikawaka bila kuuliza chochote. Lakini hata nilipoipeleka nje ya ile ofisi ya misaada, mawimbi hayakuonekana hata moja, na nilihangaika mpaka nikaanza kumsema vibaya yule ndama, kabla ya kukumbuka kupapasa ukingo wa mbele. Mashine hizo zina swichi ndogo hapo ya kuwasha na kuzima wifi, na hii ilikuwa imezibwa na uchafu wa bwana shamba. Papaseni swichi kwanza, kabla ya kumlaumu mtu au mnyama.

Jumamosi tukakaa barazani, Maman Nyassa na mimi, mashine kwenye kiti. Spika zilikuwa zimekufa, basi nikapanga sura ipite kwenye mashine na sauti ipite kwenye simu ya mkononi. Tukangoja. Kioo kikatetemeka, kikawa vipande vya rangi, halafu vipande vikashikana na msichana akatokea, amevaa blauzi nyeupe, simu sikioni, anatafuta pa kutazama.

Maman Nyassa aliweka mikono yote miwili mdomoni. Nilimwacha. Machozi yalishuka juu ya vidole vyake.

"Njo huyu," akasema. "Ni yeye! Njo huyu, njo huyu." Halafu akanyakua simu. "We Riziki! Juu ya nini umekonda vile?"

Kwenye kioo msichana akacheka, sauti ikafika baadaye kidogo kwenye simu. Waliongea, wakaulizana habari za wafu na wazima. Shikamoo zilikuwa nyingi, na safari hii hakuna aliyezilalamikia. Halafu Riziki akasogea, akafinya macho.

"Mama, mbona mimi sikuoni?"

"Mashini yetu haina jicho. Haizuru. Mi niko muzuri sana, sijabadilika, hata mvi sina."

Nilitazama mvi zilizochungulia chini ya kilemba chake.

"Mama," Riziki akasema, na sauti yake haikuwa tena ya redio, "mimi nimeisahau sura yako. Nikifumba macho naona kitenge tu."

Maman Nyassa alinitazama kama vile mimi ndiye niliyeuliza, akanisukumia simu mkononi. Muda wa Riziki ulikuwa unakwisha, nyuma yake watu walikuwa wanamgusa bega. Nikamtazama yule kwenye kioo, nikamtazama huyu kwenye kiti. Paji lile lile pana. Mdomo ule ule unaobanwa upande mmoja usilie.

"Mwanangu," nikasema, "kwako kwenye kioo unaona nini?"

"Sioni kitu. Najiona mwenyewe tu, kapicha kadogo kwenye kona."

"Uangalie muzuri ile kapicha. Ongeza miaka, ongeza na kasirani mingi. Njo yeye."

Kwenye mashine yetu nikamwona anakuja mbele, anakuja, mpaka uso wake ukajaa kioo chote, akagusa shavu lake polepole na kidole, kama mtu anayegusa la mwingine. Maman Nyassa alinivuta mkono, akitaka kujua nimemwambia nini mtoto wake.

"Nimemuambia uko na mvi," nikamjibu.

Akanipiga bega, akaninyang'anya simu.